Kamera za kupima mwendo barabara ya Dar, Nanenane hadi Ihumwa: zitaokoa watu au zitakusanya faini tu?

MkaziNzuguni ameuliza:

Mbukwenyi wadau. Kwa sisi wa Dodoma tunaokaa kando ya barabara kuu ya Dar, kuanzia Nanenane kwenda Ihumwa, hoja ya kuiomba polisi ifunge kamera za mwendo inarudi kila mkutano wa mtaa. Wengine wanasema tochi ya trafiki, yaani kipima mwendo cha mkononi, inatosha. Wengine wanasema tochi inafanya kazi pale askari alipo tu, akiondoka magari yanarudi kwenye kilomita 90 na 100 kwa saa ndani ya kibao cha 50.

Naomba wenye ujuzi wanieleze mambo manne. Je, kamera inapunguza vifo kweli? Kwa jua, vumbi na umeme wetu huku, ifungwe vipi? Picha yake inasimamaje mahakamani? Na la mwisho, ambalo halizungumzwi kabisa: nani ataitunza, na huyo mtu alipwe vipi ili asiondoke? Naomba vipimo, siasa tuiache kando.

---

AfyaJamii_Makole:

Mkuu, mwendo ni suala la afya ya jamii kama ilivyo malaria. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Makadirio yao mengine ndiyo ya kuyasoma mkutanoni: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa karibu asilimia 4.

Tuliweke kwa mita. Dereva makini anachukua kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye 50, sekunde hiyo imekula mita 14, kisha lami kavu na breki nzima zinakula nyingine 14. Jumla mita 28, gari limesimama. Kwenye 80, sekunde hiyo peke yake ni mita 22. Maana yake gari la 80 likifika pale lile la 50 liliposimama, breki zimefanya kazi kwa mita 6 tu na bado linakwenda zaidi ya 70. Mtoto aliyekuwa kwenye zebra mita 28 mbele hana nafasi. Na hapo sijagusa basi lenye abiria 60 wala tairi zilizolika.

Kwa hiyo kamera inaweza kusaidia, ila ipimwe kwa wastani wa mwendo barabarani, isipimwe kwa idadi ya faini. Kabla ya kufunga chochote, ombeni trafiki wakae na tochi bila kukamata mtu kwa wiki nzima: asubuhi wanafunzi wanapovuka, mchana, na saa 3 usiku malori yanapopita. Andikeni mwendo wa kila gari, pangeni kuanzia wa chini hadi wa juu, tafuteni ule ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Rudieni zoezi hilohilo miezi 3 na miezi 12 baada ya kufunga. Bila namba za kabla, hakuna atakayejua kama fedha zilifanya kazi.

Kamera ionekane na kibao chake kiwe mbele yake. Kamera ya kujificha inakamata mtu leo, halafu faini inamfikia siku kadhaa baadaye. Inayoonekana inampunguzia mwendo sasa hivi, kabla hajafika kwenye zebra, na hicho ndicho tunachokitaka.

---

FundiKamera_Mkonze:

Nijibu la kufunga, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapotea.

Zipo aina mbili. Ya kwanza ni rada kwenye nguzo, inapima mwendo sehemu moja. Ya pili ni kamera mbili zilizoachana, kila moja inasoma namba za gari na kuandika saa, halafu mfumo unagawa umbali kwa muda. Kwa kipande chenu naona ya pili inafaa zaidi. Rada ya sehemu moja madereva wanaizoea ndani ya wiki mbili, wanafunga breki mita 100 kabla yake na kukanyaga mafuta wakishaipita.

Hesabu ya kamera mbili ni hii. Zikiwa zimeachana kilomita 2, anayekwenda 50 anatumia sekunde 144. Anayetumia sekunde 90 alikuwa kwenye 80. Saa za kamera zikipishana sekunde 1, yule wa 80 ataandikwa 81, hiyo inavumilika. Zikipishana sekunde 10 ataandikwa 90, na hapo umemwonea mtu. Ndiyo maana kila nguzo iwe na kipokezi chake cha GPS cha kuweka saa. Usitegemee saa ya ndani ya kamera wala mtandao wa simu peke yake. Na msiziweke karibu: kwenye mita 500, kupishana sekunde 2 kunamgeuza wa 50 kuwa karibu 53.

Rada nayo ina tabia yake. Ikitazama barabara kwa pembe, inasoma pungufu. Pembe ya nyuzi 20 inaigeuza 60 kuwa 56. Fundi lazima aiingize pembe hiyo kwenye mipangilio, na nguzo ikigongwa na lori ikapinda hata kidogo, ipimwe upya kabla ya kutoa faini nyingine yoyote.

Kusoma namba: kibao cha namba kina upana wa kama sentimita 52, na ili kisomeke vizuri panga pikseli 250 kwa kila mita ya barabara. Picha yenye upana wa pikseli 1,920 ukiigawa kwa 250 unapata mita 7.7, yaani njia mbili tu. Mkandarasi akikwambia kamera moja itasoma njia nne na mitaro yote, mwambie akuoneshe usiku. Kingine ni muda wa kufunguka lenzi. Gari la 80 linasogea mita 22 kwa sekunde. Lenzi ikifunguka sehemu moja ya 50 ya sekunde, gari limesogea sentimita 44 na herufi zimekuwa ukungu. Kwa kusoma namba iwe sehemu moja ya 1,000 au chini ya hapo, na usiku iwe na taa yake ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kibao kinarudisha mwanga huo vizuri, cha njano na cheupe sawasawa, mradi hakina tope.

Jua sasa. Barabara ya Dar hapo Nzuguni inaelekea mashariki. Kamera inayotazama mashariki itapigwa na jua la saa 1 asubuhi usoni, inayotazama magharibi itapigwa saa 11 na 12 jioni, na hizo ndizo saa magari yanapojaa. Shusha pembe ya kamera ili anga isiingie kabisa kwenye picha, weka kofia ndefu juu ya lenzi, na majaribio ya kupokea mradi yafanyike saa hizohizo. Wengi wanapokea mradi saa 5 asubuhi, kila kitu kinang'aa.

Vumbi: kuanzia Juni hadi Oktoba upepo hapa haupoi. Kioo kifutwe kila wiki mbili, kwanza kipulizwe au kimwagiwe maji, ndipo kifutwe kwa kitambaa laini. Ukifuta kikavu, mchanga unakikwaruza, na taa ya infraredi ikipiga kwenye mikwaruzo picha ya usiku inakuwa nyeupe tupu.

Umeme: kamera, rada, kompyuta ndogo na modemu vinaweza kula kama wati 40, yaani karibu wati-saa 960 kwa siku. Kwa sola, hesabu saa 5 za jua kamili, ongeza vumbi na upotevu, usishuke chini ya paneli za wati 300. Betri ya siku mbili bila jua: ya lithiamu volti 12 iwe Ah (ampea-saa) 200, ya madini ya risasi iwe kama Ah 320 kwa sababu hairuhusiwi kushuka chini ya nusu. Na betri inaibiwa. Ningechukua umeme wa TANESCO na betri ndogo ya saa 6.

La mwisho ni radi, na hapa mafundi wengi wanakosea. Udongo wetu ukikauka unapitisha umeme vibaya mno. Fimbo moja ya ethi, ile inayopeleka umeme wa radi ardhini, iliyopimwa Februari mvua ikinyesha inaweza kusoma vizuri, ukirudi Oktoba inasoma mara kadhaa ya hapo. Lenga chini ya omu 10, pima mwishoni mwa kiangazi, tumia fimbo tatu au zaidi zilizoachana na kuunganishwa, zizungushie bentonaiti, udongo unaotunza unyevu. Chumvi na mkaa vinashusha omu haraka lakini chumvi inakula shaba. Bila ethi, radi moja ya Desemba inaondoka na kamera, swichi na modemu kwa pamoja.

---

Wakili_AreaD:

Kwa upande wa mahakama, msingi ni kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Ushahidi wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila mahakama inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama haujaguswa. Kwa hiyo mfumo utengeneze alama ya SHA-256, msimbo unaobadilika picha ikiguswa, sekunde ileile picha inapopigwa, na kuwe na kumbukumbu ya kila aliyeifungua. Cheti cha kupima usahihi wa kifaa kiwe hai kwa tarehe ya kosa. Wakili yeyote ataanzia hapo kwenye cheti.

Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba za gari pamoja na saa na mahali ni taarifa za mtu. Anayekusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kutumia taarifa kwa kusudi lililotajwa tu, na kutozikalia zaidi ya inavyohitajika. Kwenye mfumo wa kamera mbili, gari lisilo na kosa lifutwe likishapita kamera ya pili. Video ya muda wote ya megabiti 4 kwa sekunde ni GB 43 kwa siku, kama TB 1.3 kwa mwezi kwa kila kamera. Hakuna sababu ya kuibeba gharama hiyo ili kumchunguza kila anayekwenda Kibaigwa sokoni.

Tatizo kubwa mtakalokutana nalo ni kadi za magari. Gari limeuzwa mara tatu, kadi bado ina jina la mwenye kwanza, na faini inamfuata yeye. Utaratibu wa kupinga faini uwepo kabla kamera hazijawashwa.

---

Kijana_wa_Bahi:

Kwani tusiwavishe trafiki kamera za kifuani tu? Zinamulika dereva na askari wote wawili, na rushwa ya barabarani ingeisha.

---

AfyaJamii_Makole:

Ndugu, hizo zina kazi nyingine, na matokeo yake hayafanani kila mahali. Rialto, mji mdogo wa California, walizijaribu kwa mwaka mmoja kuanzia Februari 2012, malalamiko dhidi ya polisi yakashuka kwa asilimia 88. Lakini Washington, Marekani hiyohiyo, jaribio la askari zaidi ya 2,000 lililotolewa Oktoba 2017 halikuona tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu wala malalamiko. Askari akiruhusiwa kuiwasha anapotaka, ataizima palepale unapoihitaji. Ukizitaka, kanuni iseme inawaka kila gari linaposimamishwa, na anayeikagua picha asiwe mkuu wake wa zamu. Hata hivyo hazimpunguzii mwendo dereva ambaye hajasimamishwa.

---

Mhandisi_Ihumwa:

Mleta mada, swali lako la nne ndilo litakaloamua kama kamera zitaishi zaidi ya miezi 18, na nasikitika kila mara linapowekwa mwisho.

Kwenye utumishi wa umma fundi sanifu daraja la II anaanza ngazi ya mshahara ya TGS C, mhandisi daraja la II anaanza TGS E. Anayeweza kupanga rada, mtandao, sola na hifadhi ya ushahidi kwa pamoja ni mtu ambaye kampuni binafsi zinamtafuta. Mkimpa mshahara huo mtupu, bila posho ya zamu ya usiku, bila gari la ngazi, huku anaitwa saa 8 usiku nguzo ikigongwa, ataondoka akishapata uzoefu, na nywila za mfumo zitaondoka naye. Mhandisi mhitimu anapitia mafunzo ya vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa kama miaka mitatu. Kumpoteza baada ya hapo ni hasara ambayo haionekani kwenye hesabu ya mradi.

Kwenye zabuni ya NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, matengenezo ya miaka 5 yawe na bei yake peke yake, yasifichwe ndani ya bei ya vifaa. Mkandarasi alipwe kwa saa ambazo kamera ilikuwa hai. Kiwango cha asilimia 95 kinamruhusu kuzimika saa 36 kwa mwezi, zaidi ya hapo akatwe. Asilipwe kamwe kwa idadi ya faini, maana siku hiyohiyo ataanza kuhamisha kamera kwenye mteremko. Vipuri viwepo Dodoma: kamera moja ya akiba kwa kila nne, pawasaplai mbili, vizuia radi. Nywila zote na michoro vikabidhiwe polisi siku ya kupokea mradi, kabla ya malipo ya mwisho.

---

MkaziNzuguni:

Nashukuru sana wakuu, hii naichapisha kwa ajili ya mkutano. Bodaboda je? Huku ndizo nyingi.

---

FundiKamera_Mkonze:

Namba ya pikipiki iko nyuma tu, na ni ndogo. Kamera inayosoma magari yanayokuja haitaiona. Geuza zote mbili zisome nyuma ya vyombo vinavyoondoka, na uongeze pikseli hadi 300 kwa mita, maana yake upana wa picha unashuka hadi mita 6.4. Hapo pia utawapata malori, ambayo namba ya mbele mara nyingi imefunikwa na bampa la chuma. Nyingi za bodaboda zitakuponyoka usiku kwa sababu kibao kimepindwa au kimejaa tope, na hizo kamera haiwezi kuzitibu. Askari azisimamishe mchana kwenye vijiwe na vibao vinyooshwe.