Naomba ushauri: bwawa la zamani linavujisha maji ya tope

Habari wakuu, hasa wahandisi wa maji.

Huku pembezoni mwa Dar, juu ya mtaa wetu, kuna bwawa la shamba lenye tuta la udongo. Chini ya tuta maji yanatoka na tope. Yangekuwa meupe nisingehofu hivi. Tope ni dalili kwamba udongo wa ndani unaliwa. Zamani bondeni yalikuwa mashamba, leo ni nyumba zenye watoto. Solai, Kenya, mwaka 2018, bwawa la shamba liliua zaidi ya watu 40.

Serikali ya mtaa tumeiarifu. Mwenye shamba anasema limevuja miaka yote.

Je, tuwaandikie moja kwa moja Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu? Na kabla ya masika, tupunguze maji kwa pampu, au kuyashusha haraka kutaporomosha tuta?