Maltimita ya mezani haisomi ampia, naomba ushauri

Kijana wa Buguruni: Wakuu, habari za jioni. Nina maltimita ya mezani aina ya HP 34401A. Inapima volti na omu vizuri, lakini kwenye ampia inaonyesha sifuri, na hata taa ninayoiunganisha kupitia kwake haiwaki. Fyuzi ya nyuma nimeiangalia, haina tatizo. Mita si yangu, na mwenyewe anaihitaji Jumatatu.

Mzee wa Lehemu: Taa kutowaka maana yake njia imekatika. Mita hiyo ina fyuzi mbili: ya ampia 3 nyuma, na ya ampia 7 ndani, ambayo huioni mpaka ufungue kasha. Enzi zetu za redio za mbao tulikuwa na mita moja ya mshale kwa mafundi wanne, na aliyeiunguza alinunua chai ya mwezi mzima.

Binti Saketi: Ndugu, mita ilipozimika waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu lipi, na ulikuwa unapima nini? Mficha uchi hazai.

Kijana wa Buguruni: Nakiri ulikuwa kwenye tundu la ampia, nami nikagusisha ncha kwenye soketi ya ukutani ili nipime volti 230. Si uzembe, umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi, na mteja amesimama mlangoni. Nimekwisha kuifungua na kukuta shanti ya omu 0.1, yaani rezista ndogo ambayo mkondo hupitia ili upimwe, imeungua. Nimekata waya wa shaba wa kuweka mahali pake, kwa kuwa ukinzani ni ukinzani. Ninachouliza ni urefu tu.

Baba Wawili: Kuazima kitu cha mtu ni amana. Ningekuwa mwenye mita, tungekutana kwa mjumbe.

Mdadisi: Uzi huu ni wa kutunga. Volti 230 kwenye omu 0.1 ni ampia 2,300 kwa hesabu tupu. Fyuzi zingekatika kabla shanti haijapata hata joto. Huyu anasema fyuzi ni nzima na shanti imeungua. Achague moja.

Kijana wa Buguruni: Sijatunga, mkuu. Fyuzi ya nyuma ilikatika mwezi uliopita, nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na ile ya ndani nikaiunganisha kwa waya, kwa sababu Kariakoo sikupata za kipimo hicho. Ndiyo maana nilisema haina tatizo: inapitisha umeme.

Binti Saketi: Sasa tunaelewana. Rudisha kwanza fyuzi zote mbili, kisha kagua dayodi za ulinzi na njia za shaba kwenye bodi. Waya wa shaba achana nao, maana ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kila nyuzi moja ya joto, hivyo kati ya asubuhi ya nyuzi 24 na mchana wa nyuzi 34 mita itakudanganya kwa karibu asilimia 4. Tafuta rezista ya omu 0.1 ya manganini, aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto, pitisha ampia 1, na upime volti 0.1 kwenye miguu yake yenyewe, si kwenye ncha za nyaya. Baada ya hapo mita isahihishwe upya, na mwenyewe aambiwe.

Kijana wa Buguruni: Nashukuru, dada. Ila waya nilikuwa nimeshaulehemu wakati nawasubiri. Taa imewaka, lakini pawa saplai inasema ampia 1 na mita inasema 1.7. Je, nikiufupisha kidogo?