Gego limetibiwa mzizi na haliumi tena, kofia ya nini? Naomba ushauri

Mwana wa Shangani
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Gego langu la chini kulia lilinitesa kipindi kirefu, usiku silali, nikiweka karafuu linatulia kidogo halafu linaanza upya. Daktari wa meno akasema uozo umeshafika kwenye neva, nichague kung'oa au kutibu mzizi. Nikachagua mzizi. Kazi imeisha, jino limezibwa, natafuna mpaka mahindi ya kuchoma.

Sasa ananiambia bado, livishwe kofia, yaani gamba gumu la kulifunika jino lote. Na bei yake inazidi ya mzizi wenyewe! Mimi mkulima wa korosho, mfukoni pakavu mpaka minada ianze. Jino lisiloniuma linavishwa kofia ya nini? Na nikisubiri nilipwe korosho, kuna hatari gani? Natanguliza shukrani.

Kitangari Damu
Hapo unapigwa mkuu. Jino haliumi, limezibwa, nini tena? Kanywe supu ya pweza ulale.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Mdogo wangu, usimsikilize huyo. Shemeji yangu naye alitibiwa mzizi, akaambiwa kofia, akasema nitarudi. Tukawa kwenye shughuli, anakula pilau, akakutana na kajiwe. Lililia ka! mpaka wa jamvi la pili wakageuka. Jino limepasuka katikati na ufa umeshuka chini ya fizi. Hapo hakuna kuziba tena, likang'olewa. Hela ya mzizi imekwenda na jino limekwenda.

Kitangari Damu
Kosa la aliyechagua mchele hilo.

Fundi Maabara
Mimi fundi wa maabara ya meno, nipo Dar ila kwetu Masasi. Kazi nyingine za huko kusini napokea kwa basi: kiboksi, ndani umbo la meno la plasta limeviringishwa pamba, na karatasi ya daktari yenye rangi na aina ya kofia. Nikimaliza, inapanda basi kurudi. Ndiyo maana unakwenda kwa daktari zaidi ya mara moja: kwanza analisaga jino pande zote ili kofia ipate nafasi, anachukua alama ya umbo la meno, anakuwekea kofia ya muda. Hiyo ya muda ni dhaifu, kashata za korosho kaa nazo mbali.

Sasa swali lako. Maumivu yameisha kwa sababu neva imetolewa, si kwa sababu jino limepata nguvu. Gego lina vilele, na kila ukitafuna vinasukumwa kwenda nje. Likiwa zima, katikati pameshikana, vinahimili. Lako limeliwa na uozo, halafu daktari akatoboa juu kuufuata mzizi, kwa hiyo zimebaki kuta. Kizibio kinajaza shimo, lakini kuta hakizizungushii kitu. Kofia inalishika jino lote kwa nje. Nilivyoona mimi, magego yanayorudi yamepasuka mengi ni ya hao wanaosema haliumi.

Mtama Kwetu
Mimi nilisikia jino lililotolewa neva linakauka kama kuni, ndiyo linavunjika.

Fundi Maabara
Wengi wanasema hivyo, ila shida kubwa ni nyama ya jino iliyokwisha kuondoka. Ndiyo maana jino la mbele lililotibiwa mzizi, kama tundu ni dogo na limeingiliwa kwa nyuma, mara nyingi linazibwa tu. Na kuna watu neva zao nzima wanahitaji kofia: kizibio kimekuwa kikubwa kuliko jino lililobaki, au gego lina ufa na linachoma pale unapoachia baada ya kung'ata.

Kusubiri: mwombe daktari apunguze vile vilele na kuvifunika kwa kizibio. Si sawa na kofia, lakini inakuvusha. Tafunia upande mwingine. Kizibio kikilegea au kikitoka usingoje korosho, nenda siku hiyohiyo, mate yakipenya ndani mzizi unaweza kuchafuka upya. Kuhusu bei, uliza ya chuma kitupu. Ni imara na jino linasagwa kidogo kuliko kwa zile za kauri. Mwenye bima aulize kabla ya kukaa kwenye kiti.

Binti Nachingwea
Nadandia hapohapo. Nilikulia Arusha, meno ya mbele yana madoa ya kahawia ya yale maji yenye floridi nyingi. Nivishe kofia yote?

Fundi Maabara
Dada, taratibu. Meno mazima ukishayasaga hayarudi. Mwambie daktari aanze na njia nyepesi, kung'arisha au kuondoa utando wa juu. Kofia iwe ya mwisho, kwa jino lililomomonyoka kweli. Na mjue wote: chini ya kofia jino linaweza kuoza, hasa pale ukingo unapokutana na fizi. Mswaki uko palepale.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Na wale mafundi wa mitaani wa meno ya dhahabu je? Wanabandika juu bila kusaga, fizi inaoza, mdomo unanuka, na mtu anacheka aonekane.

Mwana wa Shangani
Wakuu shukrani sana. Nimempigia daktari, amekubali kushusha vilele wiki ijayo, kofia baada ya malipo ya mnada. Nimesema chuma, huko nyuma nani atanichungulia?

Kitangari Damu
Mkeo.