ResNet-50, MobileNetV2 au ViT: ipi kwa kutambua mimea ya dawa?

jani_bichi:
Wakuu, nina picha za majani ya spishi 28 za mimea ya dawa, nimezipiga mwenyewe kwa simu. Nimefundisha modeli tatu za kompyuta za kutambua picha, zote zikianzia kwenye ImageNet (hazina kubwa ya picha zilizopewa majina). Kwa usahihi, ResNet-50 (vigezo, yaani namba ambazo modeli hujifunza, milioni 25 na ushee) inaongoza, MobileNetV2 (milioni 3.5 hivi) inaifuata kwa karibu, ViT inaburura mkia. Nataka programu ya simu isiyohitaji intaneti. Nichukue ipi?

kodi_usiku:
MobileNetV2, mjadala umefungwa. Ilibuniwa kwa ajili ya simu. Ukipunguza vigezo vyake kutoka biti 32 hadi 8, faili linabaki kama robo. ViT ina njaa ya data, hizo picha zako ni kifungua kinywa tu.

shina_na_mizizi:
Mkuu, kabla hujashangilia: kila jani umelipiga mara ngapi?

jani_bichi:
Sita sita, pembe tofauti. Nikazichanganya zote, 80% mafunzo, 20% majaribio.

shina_na_mizizi:
Ndiyo hapo. Jani lile lile liko pande zote mbili! Modeli imekariri tundu la mdudu, spishi haiijui. Gawa kwa mti: picha zote za mti mmoja zikae upande mmoja.

mama_majani:
Mimi kodi za kompyuta sizijui, majani nayajua. Kwenye sampuli zako umekata picha kikabaki kipande kimoja tu kati ya vile vinavyounda jani zima. Mwarobaini (Azadirachta indica) na Melia azedarach, mti unaofanana nao, vipande vyake vyote vina meno pembeni. Kinachowatenganisha ni mpangilio: mwarobaini hupanga vipande moja kwa moja kwenye kikonyo kikuu, Melia kikonyo hugawanyika kwanza, ndipo vipande vianze. Hicho ndicho ulichokikata. Na tunda la Melia ni sumu, mwanangu.

kodi_usiku:
Mama kasema kweli, mimi nilikimbilia ukubwa wa faili. Jingine: ukiionyesha jani la spishi ya 29, itachagua tu mojawapo ya zile 28, pengine kwa kujiamini kabisa. Weka kiwango cha kujiamini ambacho chini yake inajibu "sijui", kisha ijaribu kwa majani ambayo haijawahi kufundishwa.

jani_bichi:
Asante mama, asanteni wakuu. Nimegawa upya kwa mti. ResNet imeporomoka, MobileNetV2 imeporomoka, na pengo kati yao hata silioni. Kesho narudi kupiga picha, safari hii tawi zima.