Mjadala: Ukikataa kupuliza kipima ulevi barabarani, umetumia haki yako au umejichongea?

Mleta mada

Wakuu, kila msimu wa sikukuu ukikaribia kuna ushauri unazunguka kwenye simu za watu: "Askari akikunyooshea kile kimrija, kataa. Hakuna anayelazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe." Juzi nimeletewa tena, safari hii na mtu ninayemheshimu. Nikaona tuuanike hapa, maana kwangu mimi ni ushauri wa kutumbukiza watu shimoni.

Haki ya kukaa kimya ni ya mdomo, si ya mapafu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba damu aliyotolewa dereva haihesabiki kama maneno aliyolazimishwa kuyasema. Mwaka 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikasema, katika kesi ya mfanyabiashara wa Uingereza aitwaye Saunders, kwamba kinga ya kutojitia hatiani haifiki kwenye pumzi, damu na mkojo, kwa sababu vitu hivyo vimo mwilini mwako utake usitake.

Halafu njoo kwenye adhabu. Nchi nyingi zimefanya kukataa kuwa kosa linalojitegemea. Hawahangaiki tena kuthibitisha kama ulikunywa. Kanada, tangu Desemba 2018, askari mwenye kifaa mkononi anaweza kumpima dereva yeyote aliyemsimamisha kihalali hata kama hamshuku. Anayekataa bila sababu ya msingi, faini yake haishuki chini ya dola 2,000 za huko. Aliyepuliza akakutwa amezidi kidogo, kosa la kwanza, faini inaanzia 1,000. Piga hesabu mwenyewe: mtu aliyekunywa soda akaleta ubishi anaweza kulipa mara mbili ya aliyekunywa bia.

Nani anapinga?

Dereva wa malori

Mimi hapa. Unaongea kama vile kile kidude ni mizani ya sonara.

Niliwahi kusimamishwa alfajiri, sijagusa pombe wiki nzima. Dakika mbili nyuma nilikuwa nimesukutua kwa ile dawa ya mdomo yenye spiriti, ili nisinuke mbele ya watu. Nikapuliza, kikalia. Askari akacheka: "Mzee, leo umeanza mapema." Nikamwomba nikae robo saa nirudie. Akagoma. Utingo wangu akachomoa chupa ya dawa chini ya kiti, akamsomea maandishi ya nyuma neno kwa neno kama mtoto wa shule. Ndipo akakubali, kwa shingo upande. Ya pili ikasoma sufuri.

Sasa asingekubali? Ningekuwa mlevi kwenye makaratasi mpaka leo. Mtu akiniambia nisipulize, namwelewa.

Mwanasheria

Mzee, umegusa penyewe, ila hitimisho lako silo. Kidude kile hakipimi damu, kinakadiria kileo kilichomo kwenye damu kutokana na hewa inayotoka ndani kabisa ya mapafu. Ukiwa na kileo kilichobaki mdomoni, kimetoka kwenye dawa au kwenye kubeua, kinasoma mdomo badala ya mapafu. Ndiyo sababu ya ile robo saa. Hukuwa unaomba fadhila, ulikuwa unaomba utaratibu.

Jingine mlilolichanganya ni kwamba mara nyingi vipimo ni viwili. Cha barabarani ni chekeche tu, kinamwambia askari akuachie au akuchukue. Kinachopelekwa mahakamani kwa kawaida ni cha kituoni, kwenye mashine kubwa. Uingereza sheria yao ya mwaka 1988 imevitenganisha kabisa: kifungu cha 6 barabarani, cha 7 kituoni. Kukataa barabarani ni faini na pointi kwenye leseni. Kukataa kituoni, kama ulikuwa unaendesha, leseni inafungwa angalau miezi 12 na jela inaweza kufika miezi 6. Lakini hukohuko kituoni unapuliza mara mbili, na wanatumia matokeo yaliyo madogo kati ya hayo mawili. Na "nasubiri wakili wangu" kwa kawaida si udhuru mbele ya mahakama zao.

Ujerumani kupuliza ni hiari. Msishangilie: askari akiwa na shaka ya msingi, anayekataa anapelekwa kutolewa damu kwa sindano.

 

Dada mtetezi

Mnafunga mjadala mapema mno. Mleta mada umechagua kesi zinazokubeba.

Mwaka 2016 Mahakama hiyohiyo ya Juu ya Marekani iliruhusu pumzi ichukuliwe bila kibali cha mahakama mtu akishakamatwa kihalali, lakini damu ikakataa: usimpeleke mtu jela kwa kukataa sindano isiyo na kibali. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo la Georgia ikaenda mbali zaidi. Ilisema katiba ya jimbo hilo inamlinda dereva asilazimishwe hata kupuliza, kwa sababu kupuliza kwa nguvu na kwa muda ni kitendo, si pumzi inayojitokea yenyewe. Kwa hiyo kukataa kwake kusitumike kama ushahidi wa kosa. Sasa ile kauli yako ya mapafu inasimama wapi?

Tena Quebec, huko Kanada, 2017, askari walimtaka mtu apulize wakati hawana hata kifaa. Walikuwa wanasubiri wenzao wakilete. Akakataa, akashitakiwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema amri ile haikuwa halali, na usipotii amri isiyo halali hujatenda kosa. Kama kila mtu angefuata ushauri wako wa "puliza tu", swali hilo lisingeulizwa.

Mleta mada

Hiyo ya Georgia imenibana, dada, sitajifanya. Sentensi yangu ya mapafu naipunguza: inategemea uko wapi, na kila mtu asome sheria ya nchi yake kabla ya kushika usukani.

Ila huyo wa Quebec alishinda baada ya miaka sita. Nani kati yetu ana miaka sita ya mawakili? Mimi bado nasema vita vyako viwe juu ya namna unavyopimwa. Uone mrija mpya ukitolewa kwenye pakiti mbele ya macho yako. Taja palepale ulichosukutua, dawa unazotumia, pumu kama unayo. Mwenye tatizo la mapafu akisubiri kulisema mahakamani ataonekana amelitunga njiani.

Dereva wa malori

Maneno mazuri. Hakuna aliyenijibu. Askari akikataa kusubiri ile robo saa, nifanye nini?

Mwanasheria

Puliza. Kisha mwambie aandike kwamba uliomba kusubiri na kwa sababu gani. Asipoandika, andika wewe kwenye simu, saa na dakika, pamoja na jina la utingo wako kama shahidi. Ukifika kituoni liseme hilo kabla hujapuliza mashine kubwa.

Dereva wa malori

Na simu akiichukua?