MJADALA: Kidole kinachopepea mbele ya macho kinaponya kiwewe?

Mtoa mada (kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda): Ndugu zangu, jirani yangu, mama aliyekimbia vita Kivu, alipelekwa Mbarara kwa mnasihi. Akarudi akicheka. Eti alipepewa vidole viwili mbele ya macho, avifuate kushoto na kulia huku akiikumbuka ile siku. Akaniuliza, huu si uganga?

Si uganga. Tiba hiyo huitwa EMDR. Ilianza na Mmarekani Francine Shapiro, aliyekuwa akitembea bustanini mwaka 1987 akaona mawazo yanayomsumbua yanafifia macho yake yakihamahama. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kiwewe. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni kidole. Mtu akiikumbuka siku mbaya mbele ya msikilizaji mtulivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, makali hupungua. Kidole kinaongeza nini? Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2001 haukuona kinaongeza chochote. Wa 2013 ukasema kinaongeza. Wenyewe hawajapatana, sisi tuuziwe?

Tena tiba nyingine ilishajaribiwa hapahapa kwetu. Wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali, si madaktari, walifundishwa kuwasaidia wenzao wasimulie maisha yao kwa mpangilio, tangu utoto hadi leo. Matokeo yalichapishwa 2008: karibu asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, wakati kwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba ni kama asilimia 37. Pesa ziende huko.

Mnasihi (Mbarara): Ndugu, umeruka kitu. Katika utafiti huohuo kulikuwa na kundi la tatu, lililopewa ushauri wa kawaida, nalo lilifika kama asilimia 65. Kwa hiyo hata simulizi yako haikuuacha ushauri mbali.

Halafu fikiria mama aliyebakwa. Mkalimani wake ni kijana wa kambi hiyohiyo, kesho watakutana bombani. Atasimulia? Kwenye EMDR anaishika picha kichwani, hatakiwi kuitamka yote. Wapo wanaoeleza hivi: akili haibebi masufuria mawili ya moto kwa wakati mmoja. Ukiipa kazi ya kufuata kidole, picha inapoa.

Mzee (Gulu): Watoto waliorudi kutoka porini kwa Kony, yule kiongozi wa waasi, walikanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, ndiyo mila yetu ya kutakaswa. Wengine walilala usiku huo, wengine mpaka leo cen, yaani roho za waliouawa, inawaamsha. Sijaona mwenye ndoto hizo akiuliza ni yai au ni kidole.

Mtoa mada: Shikamoo mzee. Mnasihi, la mkalimani umenishinda, sikulifikiria. Na kwenye asilimia nilichagua iliyonifaa, nakubali.

Lakini EMDR ina hatua 8, na kikao huchukua saa nzima au saa na nusu kwa mtu mmoja, mbele ya mtaalamu aliyesomea. Wasaidizi wetu wa simulizi walikuwa wakimbizi, wanaishi humu humu, hawakuhitaji gari. Nimemuuliza jirani yangu kama analala. Amesema tangu safari ya pili analala mpaka jogoo. Ya tatu ni wiki ijayo, na hana nauli. Nani analipa boda hadi barabarani, kisha teksi ya Mbarara, kwenda na kurudi?