Naomba ushauri: kijani cha chozi kwenye foronya

Habari zenu wapendwa. Nadarizi foronya nyeupe za harusi ya mdogo wangu: ndege aitwaye chozi, dume, yule mwenye kifua chekundu, akifyonza ua la mkrismasi. Kifua nimekishona kwa mishono mirefu na mifupi ya kupishana, kimependeza sana. Nimekwama kichwani. Utosi na koo lake ni kijani kinachometameta akigeuka juani, ila uzi wangu wa kijani umetoka bapa. Uzi wa kung'aa nao unakatikakatika kwenye tundu la sindano, na foronya ni kitu cha kufuliwa kila mara.

Je, nichanganye kijani na samawati kwenye sindano moja? Na petali nyekundu nizitofautishe na kifua kwa rangi au kwa mshono?